Mkono Wangu Juu ya Unga

Matanga ya Mama yalipokwisha, wanawake wa familia waligawana vilivyobaki: makala ya kupikia, mafuta kidogo, chumvi, na mfuko mmoja wa unga wa mahindi ambao haukuwa umefunguliwa. Mfuko ukaniangukia mimi, kwa sababu ndimi ninayekaa karibu, hapa Manika, Kolwezi, na mwenye taxi-moto, pikipiki ya kukodi, hakudai bei ya kugombana. Ulikaa jikoni siku kadhaa bila mtu kuugusa. Jana asubuhi nikavuta uzi wa mdomo wake, ikatoka ile harufu ambayo ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa: mahindi makavu, vumbi la kinu, na mfuko mpya uliokaa juani. Nikachota unga wa siku. Kisha nikausawazisha uliobaki kwa mgongo wa kopo, taratibu, mpaka ukawa laini kote, nikabaki nimeinama pale nikingoja. Ilichukua muda kabla sijajielewa. Nilikuwa nangoja mtoto anyooshe mkono.

Tulikuwa watu watano katika nyumba ya vyumba viwili, kando ya barabara ya malori ya madini: Baba, Mama, kaka yangu Banza, mimi, na Masengo, kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa bado analala na kidole mdomoni. Baba alikuwa karani wa getini katika kampuni ya malori. Kazi yake ilikuwa kuandika gari gani limeingia na gari gani limetoka, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko kalamu alizokuwa anazichomeka kwenye mfuko wa shati. Siku ya mshahara mfuko wa unga uliingia nyumbani juu ya baiskeli, na nyuma yake vitu vingine vya mwezi: chupa ya mafuta, mche wa sabuni, chumvi, samaki wadogo waliokaushwa. Baada ya hapo hakuna kilichoingia tena mpaka mshahara mwingine. Mama alikuwa na mwezi mzima wa kuvibembeleza vitu hivyo visiishe.

Kila nyumba ina sheria zake za kula, na za kwetu nilizijua kabla sijajua kusali. Mtoto wa nyumba anafuta sahani. Anapitisha tonge la mwisho la bukari, ugali wetu, mpaka mchuzi wote umekwisha na sahani inang'aa. Mgeni ni kinyume. Mgeni anaacha kitonge kidogo na kipande cha mboga pembeni, ili wenye nyumba wajue ameshiba. Mgeni akifuta sahani, amesema mbele ya watu wote kwamba hakutosheka, na mama wa nyumba hana budi kuinuka na kusonga bukari nyingine. Sisi watoto tuliwapenda wageni kwa sababu hiyo hiyo. Kilichoachwa na mgeni kilikuwa chetu, na tulikigombania nyuma ya nyumba kama sikukuu.

Habari yote ilianza mwezi ambao unga uliisha mapema. Nakumbuka Mama ameupindua mfuko ndani nje, anaukung'uta kwenye sinia, na Baba amesimama mlangoni anauangalia kana kwamba kuna mtu amemdanganya hesabu. Tulikula sombe tupu, majani ya mihogo, siku hizo, na viazi vitamu ambavyo jirani alituonea huruma navyo. Ndipo Tantine akaja. Alikuwa dada yake Baba, ameolewa Kisenge, mbali, ambako mumewe alikuwa amechimba manganizi mpaka kazi ikafa, wakabaki na shamba la mihogo na nyumba isiyo na mtoto. Alishuka kwenye lori na gunia la mihogo mikavu, akatulisha, akatuangalia tunavyokula, na tulipomaliza akasema lililomleta.

"Kaka, mutoto moya tu," akamwambia Baba. "Miye niko na shamba, sina mutoto. Weye uko na batoto, hauna bunga. Unipe Masengo, miye nitamukomalisha."

Baba akamgeukia Mama. "Mama Banza, unasema nini?"

Mama alikuwa anakusanya sahani. Aliziweka chini kwanza, polepole, na alipojibu sauti yake ilikuwa ya chini mno hivi kwamba Banza aliacha kutafuna. "Tata Banza, unipe mwezi moya. Mufuko yenye itaingia, kama inatufikisha ku mushahara ingine, mutoto anabakia mu nyumba yake. Kama inaisha mbele ya mushahara, Tantine akuye kumubeba. Sitasema kitu."

"Bunga haisikiake mutu, mulamu wangu," Tantine akamwambia wifi yake, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejua mihogo na mahindi na tumbo la mtoto. Masengo alikuwa palepale, anafuta sahani yake. Aliuliza kama Kisenge kuna mbuzi.

Basi mshahara ukaingia, na mfuko ukaingia, na Mama akaugeuza kuwa kitu cha kuogopwa. Kwa kipande cha kaa alichora mistari ubavuni mwake, mmoja kwa kila Jumapili, na neno lake lilikuwa kwamba Jumapili ikifika unga usiwe chini ya mstari wake. Mafuta alipima kwa kizibo cha chupa. Sabuni aliikata vipande kwa uzi na kuvificha juu ya kabati. Samaki mmoja mkavu aliweza kuogelea katika sombe ya watu watano, na ole wako ukimkamata mara mbili.

Lakini kitu kilichonishika mimi ni kile alichofanya asubuhi ya kwanza. Alichota unga wa siku, akausawazisha uliobaki kwa mgongo wa kopo, kisha akaniita. Banza alikuja pia, akanyoosha mkono wake. Mama akauangalia mkono wa Banza akatikisa kichwa. "Yako inakomaa," akamwambia, na akanigeukia mimi. "Kuya huku. Fungula bidole. Weka mukono pa bunga. Usukume kidogo. Basi, toa."

Nilitoa mkono wangu, na pale katikati ya unga ukabaki mkono wangu mwingine, na vidole vyake vitano, na hata kovu la kiganja nililopata kwa kisu cha mihogo. Mama akaangalia kovu hilo kwa makini sana. Akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba.

"Ni ya nini, Mama?"

"Ni juu bunga itufikishe."

Hakuongeza neno, na mimi sikuhitaji. Nilikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza mwaka ule, na katekista alikuwa ametueleza habari za mikate iliyoshikwa na mikono mitakatifu ikalisha watu mpaka ikabaki. Nilielewa mara moja. Mkono wangu ulikuwa na kitu. Mama alikuwa amekiona, kwa vile mama huona vitu, na ndiyo maana mkono wa Banza ulikataliwa. Sijawahi tena kuwa na cheo kikubwa kama kile, na nimekuwa katibu wa kwaya.

Niliutunza mkono ule kama chombo cha kanisani. Mtaani kwetu watoto wote walicheza na mawe yaliyodondoka kwenye malori, yale ya kijani yanayopendeza na yale meusi yanayopaka vidole, na mimi nilikuwa hodari wa kuyarusha na kuyadaka. Mwezi ule niliacha kabisa. Niliogopa uchafu wa madini ungeua baraka. Wenzangu walinicheka kwamba sasa nimekuwa mtawa. Shuleni niliandika kwa mkono huo kwa shingo upande. Na nilikuwa nauosha, huo mmoja tu wa kuume, asubuhi na mchana na jioni, mpaka kipande cha sabuni cha juma kikaisha kabla ya juma, na Mama akanishika sikio.

"Uko naosha nini kila saa? Uliua mutu? Sabuni hii ni ya mwezi, unasikia? Ya mwezi!"

Sikumwambia kwamba ninalinda unga wake. Nilidhani anajua.

Nilipotoka shule mchana, kulikuwa na sehemu ya pili ya kazi yangu. Mama alikuwa peke yake nyumbani tangu asubuhi. Baba alikuwa getini, Banza alikuwa na masomo ya jioni, na Masengo alikuwa akicheza kwa jirani. Kabla sijavua sare, Mama alifungua kamba ya mfuko, akauinamisha kuelekea mwanga wa mlango.

"Angaria. Mukono yako iko?"

"Iko, Mama."

"Ni yako kweli? Angaria kovu."

"Ni yangu."

Alishusha pumzi, akafunga. Mimi nilidhani tunaangalia kama unga umeongezeka. Siku nyingine niliona kabisa kwamba umeongezeka kidogo, na nikamwambia, na Mama akanipapasa kichwa na kugeuka upande wa mbabula, jiko letu la makaa, akawa anachochea makala ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Jioni hakuketi nasi kula. Alisema amekula wakati wa kuonja. Tuliamini kwamba wapishi wanashiba kwa mvuke.

Masengo aliuonea mkono wangu wivu wote wa dunia. Kila asubuhi alikuwa pembeni ya mfuko na kiganja chake kimeshafunguliwa. "Na miye, Mama. Na miye kidogo." Mama alikuwa anamwambia ngoja, ukikomaa, wako bado mdogo mno hautaonekana. Nilifurahi kila alipokataliwa, sitawaficha.

Na mambo yalikwenda. Jumapili ya kwanza unga ulikuwa juu ya mstari. Jumapili ya pili ulikuwa juu ya mstari, na kwa nafasi nzuri, mpaka Mama akamwita Baba aje aone. Baba alichuchumaa, akaweka kalamu yake kwenye mstari wa kaa, akatabasamu. Siku hiyo Mama aliimba akitwanga sombe, na aliketi nasi kula. Nikajua mkono wangu ni mkono.

Wageni walikuja katika juma lililofuata, na mvua ikawafuata kwa nyuma. Mkubwa wao alikuwa Kasongo, mtoto wa baba mdogo wa Baba, kutoka kwetu kaskazini, na alikuwa na vijana wawili aliokutana nao njiani. Walikuwa wamekuja kuchimba. Kila mmoja alikuwa na koleo lake limefungwa kwenye mgongo, na mashavu yao yalikuwa yameingia ndani. Mashimo waliyokuwa wameahidiwa yalikuwa yamejaa maji. Wangekaa kidogo, Kasongo alisema, maji yapungue. Kwetu mgeni haulizwi ataondoka lini. Mtu anayeuliza hivyo hukumbukwa kwa hilo mpaka kaburini.

Mama alisonga bukari ya watu wanane. Hakutumia kopo. Ukipima unga mbele ya mgeni ni sawa na kumwambia kwamba umehesabu matonge yake, kwa hiyo alizamisha bakuli mfukoni bila kuangalia, na mkono wangu wa asubuhi ulizama pamoja nalo. Sisi watoto tukaenda kusimama nyuma ya pazia, tukingoja masazo.

Walifuta sahani. Wote watatu. Walizifuta mpaka zikang'aa, wakazitua chini, wakaangalia mikono yao. Sidhani walitaka kutuaibisha. Walikuwa wametembea na kupanda malori siku nyingi na njaa ilikuwa imewasahaulisha adabu waliyofundishwa na mama zao. Nilimwona Mama anaziangalia zile sahani tatu safi. Nilimwona anamwangalia Baba, na Baba anaangalia ukuta. Kisha akanyanyuka, akarudi mfukoni na bakuli.

"Mama, Mungu akubariki," Kasongo akasema bukari ya pili ilipokuja. "Tangu tulitoka kwetu hatuyakula namna hii."

"Kuleni, baba. Bukari iko."

Alisema hivyo kila siku waliyokaa. Bukari iko. Mvua nayo haikuacha, na mashimo hayakukauka, na sahani zilizidi kufutwa. Mimi sasa nilikuwa naweka mkono mara mbili kwa siku, mara tatu, kila Mama alipochota. Niliona shida ni kwamba sisukumi vya kutosha, kwa hiyo nilisukuma mpaka kwenye kifundo, nikifumba macho na kusema Baba Yetu yote. Nikifumbua macho, unga ulikuwa chini zaidi.

Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo, nikawasikia Mama na Baba dirishani.

"Tata Banza, useme nabo."

"Niseme nini? Ni mutoto wa baba yangu mudogo. Nimufukuze mu mvua?"

"Sikusema umufukuze."

"Njo uniambie niseme nini, mama."

Nikasikia Mama anachukua bakuli lake. Nilimchukia Baba siku ile. Leo nina shemeji zangu wanaobisha hodi bila taarifa na mabegi yao mkononi, nami ninasema karibuni, bukari iko, na chuki ile nimeitafuta nisiipate.

Maji yalipopungua waliondoka na makoleo yao. Kasongo aliahidi kwamba akipata tu, atatuma mfuko, mifuko miwili. Hatukuona kitu, na nadhani naye hakuona kitu. Jumapili ya mwisho unga ulikuwa chini ya mstari wake kwa urefu wa mkono mzima. Ulikuwa bado upo, lakini umejikusanya chini kabisa, na mshahara ulikuwa haujulikani utaingia siku gani, kwa sababu kampuni ilikuwa imeanza michezo yake ya kuchelewesha. Jumapili hiyo hiyo Tantine akashuka kwenye lori.

"Mufuko haiyaisha," Mama akasema kabla mtu yeyote hajasema kitu. Alikuwa amesimama mbele ya mfuko.

"Mama Banza, angaria mustari," Baba akajibu. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Tusidanganyane."

"Haiyaisha."

"Lori inarudia kesho, mulamu," Tantine akasema taratibu. "Kiisha ile, sijue ingine itakuya lini."

Mama akatoka, akaenda kumtafuta Masengo kwa jirani, ampeleke kuoga.

Asubuhi Mama alichota unga wa siku, akausawazisha. Nikanyoosha mkono. Akaurudisha nyuma kwa upole. "Leo ni Masengo," akasema. Ilibidi ambebe na kumwinamisha ndani ya mfuko, unga ulikuwa chini kiasi hicho, na Masengo alikuwa anacheka huku miguu inaning'inia nje. Aliweka kiganja chake, akakisukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akatoka na unga puani. "Ona, Yaya!" akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Inaonekana! Yangu inaonekana!" Na kweli ilionekana. Ulikuwa mkono mdogo mnene, na kidole cha mwisho kimejikunja kidogo.

Alivaa gauni lake la Jumapili na viatu vyangu. Alimuuliza Tantine tena kuhusu mbuzi, Tantine akasema wapo, hata wadogo wapo. Alipanda lori akicheka. Mimi nililia, na watu walidhani ninalia kwa kuachana naye. Nililia kwa wivu. Alikuwa anakwenda kula kila siku na kuchunga mbuzi, na zaidi ya hayo alikuwa amechukua mkono wangu.

Siku iliyofuata nilikwenda mfukoni na kiganja changu tayari. Mama hakuniita. Aliingiza kopo pembeni, kwenye ukingo wa mfuko, akachota kutoka ubavuni, kwa uangalifu, akizunguka. Katikati hakugusa. Kesho yake vivyo hivyo. Unga ulikuwa unapungua pande zote, na pale katikati kikabaki kichuguu kidogo na juu yake mkono wa Masengo. Nilimuuliza nimekosa nini. Alisema sijakosa kitu. Nikafikiri anautunza mkono ule ili Masengo akirudi aukute, na hilo likaniridhisha, kwa sababu maana yake ilikuwa kwamba anarudi upesi.

Siku ya mwisho kichuguu kilikuwa chembamba kiasi kwamba Mama alibana pumzi akichota. Alipofunga kamba, lori la madini likapita nje, mojawapo tu ya yale yaliyopita siku nzima, nyumba ikatikisika, sahani zikagongana kwenye kabati. Mama alifungua mfuko tena. Aliangalia ndani. Halafu akachukua bakuli akazoa unga wote uliobaki, akausonga mchana huo, akatuita mimi na Banza, tukala bukari ya kushiba. Yeye aliketi kwenye kizingiti, anaangalia barabara. Mshahara wa Baba uliingia baadaye, na mfuko mpya ukaja juu ya baiskeli, na hakuna aliyechora mistari. Mama hakuniomba mkono tena. Nilidhani baraka yangu imekwisha, na nilirudi kucheza na mawe.

Hilo ndilo nililoliamini miaka yote. Mwaka jana, Mama alipokuwa ameshalala kitandani bila matumaini ya kuinuka, nilimsimulia ili acheke: mkono mtakatifu, sabuni, Baba Yetu mpaka kifundo. Alicheka kweli, mpaka ikabidi nimwinue anywe maji. Kisha akautafuta mkono wangu juu ya shuka.

"Haikukuwa baraka," akasema. "Ilikuwa kifungulo." Kufuli la mfuko, alimaanisha.

Mwezi ule wa kwanza, unga ulipoisha mapema, haukuliwa na watoto. Aliula yeye. Mchana, nyumba ikiwa tupu na njaa ikimkamata, alikuwa anachota ngumi moja ya unga na kujipikia uji, akaunywa amesimama, akaosha sufuria kabla hatujarudi. Ngumi moja tu kila mchana. Na ngumi kwa ngumi mfuko ukaisha.

"Tata yako akasema batoto ni bengi," Mama akaniambia. "Tantine akakuya. Miye nikanyamaza. Ningesema nini? Mwizi ni miye?"

Ndiyo maana alihitaji kitu ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukirudishia akishachota. Mstari angeuchora upya. Msalaba angeuchora upya. Mkono wake ulikuwa mkubwa na wa Banza ulikuwa unakaribia wake. Wangu ulikuwa mdogo na ulikuwa na kovu.

"Nilikuwa nafungula mufuko muchana, naangaria ile mukono. Napiga nayo mazungumuzo. Kiisha nafunga." Akakibana kiganja changu. "Ule mwezi sikugusa. Hata siku moya. Si uliona? Kila siku ulikuwa naona."

"Niliona, Mama."

"Iko kweli, hein? Uliona."

"Mukono ilikuwa iko kila siku, Mama. Sikuona siku yenye haikukuwa."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kumtolea ushahidi huo. Alikuwa ameshinda vita yake yote, mchana baada ya mchana, akiwa na njaa, na haikumsaidia kitu. Tulikaa hivyo, kiganja juu ya kiganja. Mikono yetu ilikuwa imelingana siku nyingi tu, na sijui kwa nini sikuwa nimeona.

Masengo alikuja kwenye matanga. Alishuka kwenye gari la Kisenge na mtoto mgongoni, mwanamke mnene, mtulivu, mwenye lafudhi ya kule. Alikuwa ametutembelea mara chache katika maisha yake, naye alikuwa anamwita mama yetu Mama wa Kolwezi, kwa sababu mama mwingine alikuwa naye Kisenge. Hakutulaumu kamwe kwa jambo lolote. Hilo ndilo baya. Mtu hulaumu watu wa kwao. Alilia kwa heshima, akaenda akaketi kwenye mkeka pamoja na wanawake waliotoka mbali.

Chakula kilipoiva nilimpakulia mwenyewe. Sikupima. Nilimjazia bukari na samaki mpaka sahani ikawa nzito, na sikutambua ninachofanya mpaka nilipokwisha kumpa. Alikula vizuri, polepole. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Nilikuwa namwangalia na ninaomba, ndiyo, mimi katibu wa kwaya nilikuwa ninaomba katikati ya matanga, kwamba aifute. Amalize samaki, apitishe tonge la mwisho kwenye mchuzi kama tulivyofundishwa, aniambie hajashiba, aniambie niongeze.

"Aksanti, mama," akaniambia alipokuja kunirudishia sahani. Hakuniita Yaya. "Nimeshiba kabisa."

Pembeni mwa sahani alikuwa ameacha kitonge kimoja na kipande kidogo cha samaki. Nilisubiri arudi kwenye mkeka wake. Nikatoka nayo nyuma ya nyumba, nikala alichoacha, nikafuta sahani mpaka ikang'aa.